Nyuma ya Ng'ombe, Sangailu

Kikundi chetu hakina jina. Hakina fulana wala bango, na mtu akituuliza tunaelekea wapi saa kumi alasiri tukiwa na fimbo na kibuyu cha maji, tunamjibu kama atakavyojibu mwanamume yeyote wa Sangailu: tunaenda kuangalia ng'ombe. Hatumdanganyi. Ng'ombe wapo, wana wenyewe, na kuna siku tumewatafuta hadi giza likatukuta huko huko. Ila wengi wa wanaotoka nami walikuwa wanajeshi, wengine ni askari wa akiba wa polisi waliokaa miaka kwenye barabara za mpakani, na mimi nilikuwa mhudumu wa afya jeshini kabla ya kustaafu, kurudi nyumbani na kusomea ushauri nasaha.

Kukosa jina ni kwa makusudi. Sangailu iko Ijara, kusini mwa Garissa, msitu wa Boni ukiwa jirani na mpaka wa Somalia hauko mbali. Nairobi mstaafu huvaa bereti na medali zake siku ya sherehe, akapigiwa makofi. Huku, kutangaza kwamba uliwahi kuvaa sare ni kujichongea kwa watu ambao bado wamo vichakani na bado wanaulizia majina. Halafu wazee wetu nao wanaikumbuka sare kwa mengine: vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na hali ya hatari iliyodumu Kaskazini Mashariki hadi 1991. Kijana wa Kisomali akijiunga na jeshi la Kenya, huenda anaaga nyumba ambayo babu yake alipigwa na askari wa jeshi hilo hilo. Akirudi hana wa kumsimulia. Nje anaogopa kusikika, ndani anaona haya.

Wanayorudi nayo nayajua, kwa kuwa nami nilirudi nayo kiasi. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011. Operesheni ya msitu wa Boni ilianza Septemba 2015. Shambulio la kambi yetu ya El Adde, huko Somalia, lilikuwa tarehe 15 Januari 2016, la Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017. Sitaandika nani kati yetu alikuwa wapi. Anayestahili kujua anajua. Msikitini utamtambua mtu wetu kwa safu ya nyuma, karibu na mlango, mgongo ukutani mpaka iqama inapokimiwa. Pikipiki ikipiga mshindo wa ekzosi, yeye yuko chini na wenzake bado wanageuza shingo. Usiku halali, mchana anakula miraa ili asilale, jioni anatafuta kidonge cha kumlaza. Jirani anasema ana jini. Mke hasemi kitu, ameshahamisha watoto chumba kingine.

Lakini kinachowatesa zaidi watu wa barabara zetu ni udongo. Mabomu yaliyoua wenzao yalifukiwa ardhini, na aliyepanda magari ya doria miezi na miezi alijifunza kusoma njia: hapa pamechimbuliwa, hapa rangi si ile ya jana, hapa pamefagiliwa na tawi. Elimu hiyo haifutiki kwa barua ya kustaafu. Namjua sajini mmoja aliyeshindwa kwenda kumzika adeer wake, ndugu wa baba yake, aliyemlea. Alifika hadi kwenye ukingo wa makaburi, akaona lile tuta la udongo mbichi, miguu ikakataa. Watu walisema mshahara wa serikali umempa kiburi. Kwa mwaka mzima baadhi ya binamu zake hawakumsalimia, naye hakujitetea, maana angejitetea kwa kusema nini?

Huyo ndiye aliyetufundisha njia ya ng'ombe.

Msomaji wa mbali akisikia Garissa huona ngamia. Ijara ni nchi ya ng'ombe. Mvua yetu ni nzuri kidogo kuliko ya Fafi au Dadaab, nyasi zipo, na ukisogea Boni kuna mbung'o. Sajini alikuwa na ng'ombe wa urithi waliokuwa wakichungwa na mpwa wake. Alikuwa hatoki nje ya kijiji hata kidogo. Alasiri moja ndama alipotea, mpwa akawa hayupo, na ilibidi kundi litolewe, pamoja na mama yake, kumtafuta. Nilimwona akisita pale njia inapoacha nyumba za mwisho. Akawaachia ng'ombe wote wapite. Walipokwisha kupita, akaingia nyuma yao, akikanyaga pale pale walipokanyaga, kwato kwa kwato. Nilielewa papo hapo. Kundi zima limepita hapo, kila mnyama ana uzito wa watu kadhaa, na hakuna kilicholipuka. Ardhi ilikuwa imekaguliwa mbele ya macho yake na wakaguzi ambao hawajui kudanganya.

Basi tukaanza hapo. Anayekuja mara ya kwanza anatembea nyuma kabisa, kwenye vumbi, na hakuna anayemcheka. Wiki zikipita utamwona ameanza kutembea ubavuni mwa kundi, hatua moja nje ya nyayo, kisha mbili. Mimi simwambii asogee. Ng'ombe ndiye anayemwambia, kwa sababu ng'ombe hula kwa kutawanyika, na mwenye kuchunga lazima amfuate anayeponyoka. Mtu akikimbia kumrudisha fahali asiingie kichaka cha migunga, anakanyaga ardhi ambayo hakuikagua, na anagundua baadaye, akiwa ameshasimama pale akitweta na kutukana. Matusi hayo nayafurahia kuliko dodoso lolote nililofundishwa kujaza.

Niliposomea kazi hii tulifundishwa kupanga viti viwili, vitazamane kwa mshazari, sanduku la karatasi za kujifutia machozi mezani. Sibezi. Kuna watu wanaozungumza hivyo. Wanaume wa kwetu, tena waliofunzwa kambini kwamba kulalamika ni utovu wa nidhamu, hawazungumzi wakitazamwa. Wanazungumza wakitoa kupe. Jioni ng'ombe wakirudi zizini tunawakagua chini ya mkia, kwenye kiwele, ndani ya sikio, mmoja upande huu, mwingine upande ule, ng'ombe katikati. Kupe aliyeshiba damu hutolewa taratibu, ukimvuta kwa pupa kichwa kinabaki kwenye ngozi na kidonda kinaoza. Kwa hiyo mikono ina kazi ya uangalifu, macho yako chini, na mwenzako humwoni ila miguu yake chini ya tumbo la mnyama. Ni hapo koplo mmoja alipomwambia mwenzake, bila kuinua sauti, kwamba yule aliyekuwa akimwita kila usiku ndotoni alikuwa dereva wake, na kwamba siku ile zamu ya kuendesha ilikuwa ya koplo mwenyewe, wakabadilishana kwa sababu ya maumivu ya jino. Mwenzake alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Walaal, huyu ana kupe hapa ndani pia, shika mkia." Wakaendelea. Kesho yake koplo alilisema tena, na mara hiyo alimtaja dereva kwa jina.

Nimesoma yanayofanywa kwingine. Agosti 2010 Wamarekani watatu, Kirk Bauer wa vita vya Vietnam, Dan Nevins wa Iraq na Neil Duncan wa Afghanistan, walifika kilele cha Kilimanjaro wakiwa na mguu mzima mmoja tu kati yao wote watatu. Kuna Michezo ya Invictus iliyoanza London mwaka 2014, na mwaka 2023 Nigeria ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki. Huko Ulaya na Marekani wastaafu hupelekwa kuvua samaki mitoni, kupiga kasia, kulala mahemani. Nawavulia kofia. Lakini tiba hiyo imesimama juu ya jambo moja ambalo hawalisemi kwa sababu kwao halihitaji kusemwa: vita vilikuwa mbali, na mto wa nyumbani ni salama. Aliyejeruhiwa Helmand, Afghanistan, hurudi akaenda kuvua samaki Montana. Mtu wangu alijeruhiwa kwenye pori hili hili, lenye migunga hii hii, na anaposikia tawi likivunjika hakumbuki mbali, anakumbuka hapa. Huwezi kumwambia aende nje akapumzike. Nje ndiko kulikomuumiza. Kazi yetu ni kumrudishia hiyo nje kipande kwa kipande, na kila kipande kiwe na sababu ya kwenda, si matembezi matupu. Mwanamume wa Sangailu anayetembea bila shughuli watu watamtilia shaka, naye atajitilia shaka mwenyewe.

Sababu ya pili, baada ya ng'ombe, ni asali.

Hapa deni letu ni kwa Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni. Wao ndio wenye msitu kabla ya sisi wafugaji na kabla ya serikali kuugeuza hifadhi mwaka 1976. Tangu operesheni ianze wamebanwa wasiingie mbali, na kwao kunyimwa msitu ni kunyimwa soko, duka la dawa na shule kwa pamoja. Mzee mmoja wa Kiaweer, aliyekuwa askari wa akiba mpaka goti likamshinda, hutoka nasi pembezoni mwa msitu msimu wa maua. Anapiga mluzi mrefu unaopanda na kushuka, anasubiri, anapiga tena. Anamwita mlembe, yule ndege mdogo wa kahawia anayewaongoza watu kwenye nyuki. Mlembe akiitikia, sauti yake ni kama kiberiti kilichojaa njiti kinachotikiswa karibu na sikio. Anaruka mti mmoja, anatikisa kiberiti chake, anangoja mfike, anaruka mwingine. Watafiti Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walimfuatilia ndege huyu pamoja na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 1989: bila ndege, kupata mzinga mmoja kulichukua wastani wa saa 8.9, pakiwa na ndege, saa 3.2. Mzee wetu nilipomwambia alishangaa kwamba kuna watu waliohitaji kupima.

Mimi nilichokiona ni masikio. Mtu aliyetoka vitani husikia kila kitu na hawezi kuzima. Daktari ataita huo ugonjwa, na tangu mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani wameuweka kwenye kitabu chao cha maradhi. Lakini porini, kumfuata mlembe, sikio linalosikia kila kitu ndilo linalotakiwa. Wale wanaolala vizuri humpoteza ndege baada ya mti wa tatu. Watu wangu hawampotezi. Kuna askari wa akiba, kijana bado, ambaye nyumbani hakuweza kuvumilia mlio wa sufuria, lakini pembezoni mwa msitu alisimama, akainua kidole, akasema ndege amehama upande wa kushoto, na mzee akatikisa kichwa kukubali. Jioni ile alibeba masega hadi nyumbani akiwa ameumwa na nyuki usoni, jicho moja limefumba, akiwaonyesha watu jicho lile kwa fahari. Desturi inataka mlembe aachiwe kipande cha sega. Kijana huyo humwachia kikubwa kupita kiasi, na mzee humlalamikia kila mara.

Siku nyingine tunakwenda kuwatazama hirola, swala wetu wa pekee, ambao miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu na leo hawafiki 500. Sotoka ya miaka ya 1980 iliwafyeka pamoja na ng'ombe. Mwaka 2012 jamii ya Ishaqbini, upande wa Mto Tana, iliwatengea 48 uzio wao wasiliwe. Huku kwetu wamo huria, wachache. Kukaa chini ya mti ukitazama kwa mbali mnyama ambaye naye kazi yake ni kutazama kunawafaa baadhi, hasa wale waliokuwa wakikaa zamu za usiku. Wengine wanachoka na kuomba turudi. Mimi ni wa hao wengine.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya miujiza. Kutembea hakumwondolei mtu miraa. Kumewapunguzia wawili watatu, hao wengine wanatembea huku shavu limejaa. Sheikh anayewasomea ruqya simpingi, maana anayesomewa Qur'ani na mtu anayemwamini hupata usingizi ambao mimi sijui kuutoa. Wanaohitaji vidonge wanahitaji vidonge, na barabara ya Masalani mvua ikinyesha inakuwa tope jeusi, lori linakwama siku kadhaa na dawa ziko ndani. Hapo ndipo mtu ambaye alikuwa ameanza kutulia anarudi nyuma, na hakuna ng'ombe wala ndege atakayemshika.

Tena ng'ombe wenyewe si wa kudumu. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana kuanzia mwishoni mwa 2020. Tuliwaona wakidhoofika tukiwa nyuma yao, mwendo ukipungua wiki kwa wiki, mpaka tukawa tunawainua kwa kamba asubuhi, wanaume wanne kwa ng'ombe mmoja. Wanaume waliokwisha kubeba maiti za wenzao wakajikuta wakiburuta mizoga kutoka zizini. Sajini alipoteza karibu wote. Alirudi safu ya nyuma msikitini, akarudi kutotoka. Tukampeleka hospitali ya rufaa Garissa akalazwa. Wafadhili walipokuja na mbuzi wa kuanzia upya tulishukuru, lakini mbuzi hawafai kwa kazi yetu. Mbuzi hawapiti njia moja, wanapanda hata juu ya vichaka, na mtu mwenye hofu ya ardhi hawezi kuwafuata. Nililisema hilo kwenye mkutano mmoja, wakadhani natania. Mvua za mwisho wa 2023 zilipokuja zilikuja na mafuriko, kisha nyasi, na taratibu mitamba michache ikanunuliwa. Sajini alianza tena nyuma kabisa, kwenye vumbi.

Wake zao ndio kipimo changu, ingawa si wote wanaozungumza nami moja kwa moja. Mmoja alimtuma dada yangu aniulize kama naweza kumpeleka mumewe pia asubuhi. Mwingine, mama mtu mzima, alinisimamisha dukani akasema, "Adeer, zamani alikuwa anagombana nami usiku wa manane. Siku hizi anagombana mchana, kama waume wengine." Alikuwa amenunua sukari kilo mbili na majani ya chai, kwa sababu jioni hiyo sote tulikuwa tunakunywa chai kwake.

Mwaka 2022 Kenya ilipata sheria ya maveterani wa jeshi, na nimewasomea wenzangu vifungu vyake jioni moja zizini. Askari wa akiba walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha mmoja akauliza vyake viko ukurasa gani. Havipo, yeye si mwanajeshi. Barabara ni ile ile, bomu ni lile lile, lakini yeye alipewa bunduki na kijiji chake cha kulinda, basi. Kwetu anahesabiwa sawa na sajini. Na kwa kuwa yeye hana pa kwenda hata akitaka kwenda, naona ndiye wa kwanza kumtengea nafasi nyuma ya ng'ombe.

Ila kuna jambo hatujakubaliana mpaka leo, nalo ni bunduki. Mimi nilisema tangu mwanzo kwamba anayetoka nasi haji nayo. Mtu mwenye silaha begani yuko kazini. Macho yake hayachungi, yanalinda. Askari wa akiba wasio zamu wakaanza kuziacha kituoni. Mzee wa Kiaweer hakupenda. "Daktari," akaniambia, nami si daktari na anajua, "umezaliwa hapa. Kuingia pori hili mikono mitupu ni ushujaa wa mtu asiye na akili." Sajini alimuunga mkono. Siku ambazo kuna habari mbaya kutoka Hulugho au ng'ambo ya mpaka hatutoki kabisa, hilo halina mjadala. Siku za kawaida tumeafikiana kwamba walio zamu wapite mbele upande ule ule wa doria yao, nasi tufuate saa moja baadaye na ng'ombe. Tatizo ni kwamba wawili kati ya hao walio zamu ndio hasa ningetaka watembee bila bunduki, na wakibadilishwa zamu wanabaki wachache wa kutangulia. Sajini amechukua daftari la mpwa wake la shule na kuanza kupanga nani atangulie, nani afuate, siku gani. Wiki hii amenipanga mimi nikae nyuma na ndama, kwa sababu, anasema, natembea polepole na naongea sana.